Nilivyotoa Upepo wa Breki Pamoja na Mama Mkwe

Tangu turudi, kila anayepita mbele ya nyumba yangu anasimama, analitazama gari, halafu ananiuliza kama ni kweli nilimlaza mama mkwe chini ya gurudumu na kumpa amri kama kuruta. Wengi mmeisikia habari hii kwa fundi cherehani wa pale sokoni, ambaye hakuwepo, na mdomoni mwake imeota mikia. Basi nawaandikia wote kwa mpigo, ili na mimi ninywe chai yangu kwa amani. Mambo ya karatasi na vizuizi vya barabarani nayaruka. Hayo mnayajua na hayajawahi kumchekesha mtu.

Gari lenyewe mnalifahamu: lile jeupe la Kifaransa alilotuachia baba, lenye pua ndefu na viti vya ngozi vilivyopasuka, linalobeba maharusi wa Kalemie kila Jumamosi. Ni zee kuliko mimi, na hupenda kutembea polepole huku likipigiwa vigelegele. Sababu ya kulipandisha milimani ilikuwa moja tu. Feza, mke wangu, alikuwa karibu kujifungua. Mwaka jana tulipoteza mtoto siku ileile aliyozaliwa, kabla hajalia, na mama yake Feza hakuwepo, maana kule kwao Pepa alikosa gari la kumshusha. Feza hakunilaumu. Alinyamaza tu, akanyamaza miezi na miezi, nami nilikuwa naogopa kurudi nyumbani kuukuta ule unyamavu wake. Safari hii aliniomba jambo moja.

"Mutoto asikuye mu dunia kama mama yangu hayuko," aliniambia. "Mengine yote nitavumilia."

Sasa kuna jambo ambalo wasio wa kabila la mke wangu lazima walijue. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasemezani, hawatazamani usoni, wala hawali sahani moja, mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na alie. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo tangu nimuoe Feza nilikuwa namjua mama yake kwa visigino na vitenge tu.

Kalemie hadi Moba

Niliondoka peke yangu asubuhi, nimejaza mikate ya kukaanga na samaki mikebuka wakavu kwenye karatasi. Barabara ya kusini ni nzuri kwa mbuzi. Mahali pengine nilishuka nikapima dimbwi kwa fimbo kabla ya kuingia, na mahali pengine wanaume waliokuwa wamekaa kivulini walilisukuma gari huku wakinishauri kwa pamoja nilirudishe makumbusho.

Kabla ya kufika Moba nilihisi pedeli ya breki inashuka zaidi ya kawaida yake. Si sana. Ilikuwa inashika, ila kwa uvivu. Nikasimama, nikafungua boneti na kuangalia chupa ya mafuta ya breki: yamepungua. Nikapiga magoti kwenye kila gurudumu kutafuta maji maji, nikakuta yote manne makavu. Mtu mwenye akili hapo angejiuliza, kama mafuta hayapo kwenye chupa na hayakumwagikia magurudumuni, yamekwenda wapi? Mimi nilijazia, nikafunga boneti, nikala samaki.

Moba hadi Pepa

Kutoka Moba unaupanda Marungu, na kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyokuuliza kwa nini hukuja na koti. Juu kule ni majani matupu na ng'ombe. Ng'ombe wa Pepa hawajui honi. Dume moja lilisimama katikati ya barabara likanitazama, nami nikakanyaga pedeli mpaka chini kabisa, kwa nguvu zangu zote, na gari likasimama pua kwa pua na mnyama. Mchungaji akaja akiwa amejifunika blanketi, akalisalimu lile dume kwanza, ndipo akanisalimu mimi.

Nawaambieni sasa nilichokuja kukielewa baadaye. Nyuma ya pedeli kuna pampu kuu ya breki. Sisi tunaiita metre-silendri, wenzetu wa Kigoma wanaiita masta silinda. Ni bomba fupi la chuma, ndani yake mna mipira midogo inayosukuma mafuta yaende magurudumuni. Mjini, miaka yote, nilikuwa naigusa pedeli kidogo tu, na ile mipira ilikuwa inatembea kwenye sehemu moja iliyong'aa. Mbele yake palikuwa na kutu ambayo haijaguswa tangu enzi za baba. Lile dume lilinifanya niisukume mipira mpaka kwenye kutu, ikachanika midomo. Lakini siku ile nilijua tu kwamba ng'ombe ni mzima na mimi ni mzima.

Pepa walinipokea vizuri, nikalishwa bukari, ugali wetu, na maziwa ya mgando nyumba ya pembeni ili mama mkwe asinione nikitafuna. Mpango ulikuwa shangazi yake Feza asafiri nasi, awe mdomo kati yetu. Asubuhi ya kuondoka shangazi akaamka na homa, hawezi kusimama. Wazee wakakaa, wakajadiliana nani aende badala yake, na kila aliyetajwa alikuwa na shamba, au mtoto mgonjwa, au hofu ya kusafiri na gari la umri ule. Mwishowe mama mkwe akatoka nyumbani, kitenge kimemfunika mpaka puani, akaweka kwenye kiti cha mbele kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Sakafuni, mbele ya kiti hicho, akaweka bido, yaani dumu, la mafuta ya ng'ombe, ya kumpaka mjukuu. Yeye akaingia nyuma na kufunga mlango.

"Kuku," akasema, akitazama dirishani, "ambia mwenye kuendesha kama tuko tayari."

Nilimtazama kuku. Kuku alinitazama.

"Kuku," nikasema, "ambia Mama kama tunaenda."

Kutoka Pepa

Tulikuwa hatujaenda mbali nilipohisi mguu wangu wa kulia unateleza. Nikatazama chini: zulia limelowa, suruali imelowa mpaka juu ya kifundo cha mguu, na kilichoilowesha ni mafuta ya njano yasiyo mazito. Nikajua papo hapo: bido la mama mkwe linavuja. Mafuta ya mtoto yanaisha njiani. Lakini nitamwambiaje? Hata kwa kupitia kuku, kumwambia mama mkwe kwamba hakufunga bido vizuri ni kumwambia hajui kufunga mizigo. Nikanyamaza kwa heshima, nikawa naombea yabaki japo ya kichwani.

Muda si mrefu sauti ikatoka nyuma.

"Kuku, mwenye kuendesha asimame kidogo. Kama kuko muntu mwenye haja, aende mu pori. Asione haya."

Nikaelewa kwamba mama ana haja na anaona aibu kusema. Nikasimama, nikashuka, nikaenda mbali na kumpa mgongo muda wa kutosha. Niliporudi alikuwa amekaa vilevile, hakushuka. Tukaendelea. Baada ya kona chache, ombi lilelile. Nikasimama tena, nikashuka tena, nikatazama milima. Hakushuka. Tulifanya hivyo mpaka nikayajua majani ya njia ile kwa majina, na moyoni nilianza kumhurumia, nikidhani ni mimi ninayemzuia kwa kusimama karibu mno.

"Kuku," akasema tulipoondoka mara ya mwisho, kwa upole sana, "kwetu kuko muti wa kibofu. Mwanaume anakunywa asubuhi na jioni, anapona. Haiko magonjwa ya kuficha."

Baba mkwe niliyemwacha Pepa ni mzee anayekata kuni mwenyewe, na nilisikitika kusikia kumbe ana tatizo.

"Kuku, ambia Mama pole sana kwa ajili ya Papa," nikajibu.

Nyuma nilisikia kitenge kikivutwa upya mpaka puani.

Mteremko

Pale barabara inapoanza kushuka kuelekea ziwani, nilikanyaga breki na pedeli ikaenda mpaka sakafuni bila kukutana na kitu chochote. Nikakanyaga tena haraka haraka: ya pili ikashika kidogo, ya tatu ikashika zaidi, na nilipoushikilia mguu ikazama taratibu yenyewe. Niliogopa. Si kwa ajili yangu. Nilimwona Feza amelala maternite, wodi ya wazazi, anauliza mama yuko wapi, na hakuna anayemjibu.

Nikarudisha gia mpaka ya kwanza, injini ikalia kwa hasira, nikavuta breki ya mkono. Gari likapungua mwendo lakini halikutaka kusimama.

"Kuku," mama mkwe akasema, sauti ikiwa imebana, "ule mwenye kuendesha anaona ile lundo ya muchanga?"

Nilikuwa sijaliona. Pembeni, upande wa mlima, palikuwa na mchanga ulioporomoka na mvua. Nikaligeuza gari, likapanda juu ya mchanga kwa mkwaruzo mrefu na kutulia huku pua ikitazama juu. Kuku alianguka kutoka kitini akaangukia juu ya bido.

Nikakaa kidogo, nasema asante kimoyomoyo. Kisha nikamrudisha kuku kitini na kuliinua bido nione yamebaki mafuta kiasi gani. Lilikuwa limejaa. Kifuniko kimefungwa kwa nailoni na kamba, na nje ni kavu kabisa. Nikalikunja zulia la miguuni kwangu: chini yake rangi ya bati ilikuwa imevimba na kubanduka kwa kidole. Mafuta ya ng'ombe hayabandui rangi. Nikapitisha mkono nyuma ya pedeli, pale chuma chake kinapoingia kwenye pampu, na mkono ukarudi umelowa.

"Kuku," nikasema, "ambia Mama mafuta yake ni mazima. Yenye kumwangika hapa ni mafuta ya breki. Inavuja kwa metre-silendri, inashuka ku pedeli, inalowesha mie."

Nilisikia tu kiti cha nyuma kinalia.

"Kuku," akasema mwishowe, "kumbe haikuwa mukojo?"

Hapo ndipo nilipoelewa misimamo yote ile, na pori, na muti wa kibofu. Mama wa watu alikuwa ameiona suruali yangu ikilowa, akanificha aibu njia nzima. Na mimi nilikuwa namfichia bido lake. Kwa heshima zetu nusura tufe wote wawili. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana mkwe hacheki mbele ya mama mkwe, nikaenda kuchekea nyuma ya mchanga. Nikiwa huko nilimsikia naye akicheka ndani ya gari, akijifanya ni kuku anayekohoa.

Kando ya barabara

Niliweka matawi ya majani barabarani, na kamio, lori kubwa lililobeba maharage, likasimama. Dereva wake, Papa Mulenda, mwanaume wa tumbo na sauti, alishuka na kopo la maziwa lililojaa vipande vya mpira vya kila aina.

"Mu hii kopo kuko mipira ya magari yote yenye ilikufa mu Tanganyika," aliniambia kwa majivuno.

Tukaifungua pampu. Mipira ilitoka imechanika kama nilivyowaeleza. Tukapekua kopo, tukapimisha huu na huu, mpaka tukapata miwili iliyolingana. Papa Mulenda akachukua chupa ya mazutu, yaani dizeli, aioshee, nikamshika mkono, kwani mpira wa breki ukionja mazutu unavimba na breki zinajifunga zenyewe. Tuliiosha kwa mafuta ya breki, nikasugua kutu kwa kitambaa mpaka chuma kikawa laini, tukarudisha kila kitu mahali pake. Papa Mulenda alinuna kidogo, akasema kwao mazutu inaosha mpaka watoto.

Alikuwa na haraka, boti lilikuwa linamngoja Moba. Akamwambia mama mkwe apande naye, nafasi ya mbele ipo.

"Mama, upande. Hii gari ya huyu kijana haiko ya kuaminia."

Nami nilitaka apande, nawaambia ukweli. Nilitaka afike hata kama mimi nitabaki na mchanga. Lakini mama mkwe alimtazama kuku.

"Kuku," akasema, "mwaka jana nilisimama mu barabara, nikapunga mikono, makamio yote ikanipita. Huyu alikuya kunitafuta. Nikimuacha hapa, Feza ataniuliza bwana wake iko wapi, nitamujibu nini?"

Papa Mulenda alinitazama mimi, akamtazama kuku, akapanda kamio lake polepole na kuondoka.

Sasa ikabaki kazi ya kutoa upepo. Ukifungua pampu hewa inaingia kwenye mabomba, na hewa inabonyea, kwa hiyo pedeli inakuwa laini kama bukari isiyoiva. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedeli na kushikilia. Mwingine, chini kwenye gurudumu, analegeza skrubu ndogo yenye tundu, hewa inatoka na povu, anakaza. Ndipo wa kwanza anaachilia. Ukiachilia kabla ya kukazwa, unavuta hewa upya. Akapita mwanaume wa baiskeli aliyebeba magunia mawili ya muhogo, akakubali kukanyaga. Alikanyaga kama anayejaza upepo tairi lake, hangoji neno, na povu halikuisha. Alipochoka aliona bido.

"Si muko na mafuta pale," akasema. "Mafuta ni mafuta. Mumimine ile mu chupa, muende."

Mama mkwe alilivuta bido kwenye mapaja yake, na mwanaume akakumbuka muhogo wake.

Tukabaki wawili na kuku. Mimi nikakaa kwenye mchanga nisijue la kufanya, jua likiwa limeshapita utosini. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Visigino ninavyovijua vikashuka, vikazunguka upande wa pili wa gari ili tusikutane, vikapanda kiti cha dereva. Kitenge kikatundikwa dirishani. Viatu vikawekwa nje vizuri.

"Kuku iko tayari," ilisema sauti nyuma ya kitenge.

Niliweka kipande cha ubao chini ya pedeli ili mipira mipya isifike tena pale palipokuwa na kutu, nikitazama pembeni muda wote. Kisha nikajilaza kwenye gurudumu la nyuma, lile la mbali zaidi, nikapaza sauti.

"Kuku akanyage."

"Kuku anakanyaga."

"Kuku ashikilie."

"Kuku anashikilia."

Nikalegeza, povu likatoka, nikakaza. "Kuku aachilie."

"Kuku ameachilia."

Tulikwenda hivyo gurudumu kwa gurudumu. Mama mkwe hakukosea hata mara moja. Kazi iliponichelewesha alianza kunisuta kupitia njia ileile: kuku amechoka mguu, kuku anauliza kama huko chini watu wamelala, kuku anasema kwao Pepa ng'ombe hukamuliwa upesi zaidi. Wanawake waliokuwa wanapita na kuni walisikia mwanaume chini ya gari anamwamuru kuku na kuku anamjibu kwa sauti ya kike. Walihamia upande wa pili wa barabara na hawakusalimu. Hiyo nadhani ndiyo sehemu iliyomfikia fundi cherehani.

Kwenye gurudumu la mwisho mafuta yalitoka masafi, bila tone la hewa.

"Kuku anasema sasa iko ngumu," mama mkwe akasema. Na katika sauti ile nilisikia furaha waziwazi, ya mtu aliyekamata kitu kwa mguu wake mwenyewe.

Moba hadi Kalemie

Tulilala Moba kwa ndugu zake. Simu iliposhika mtandao nilikuta ujumbe wa jirani: Feza ameanza kusikia uchungu kidogo kidogo, wamempeleka maternite. Nilimsomea kuku. Asubuhi nilimkuta mama mkwe ameshakaa ndani ya gari, na hatukusimama popote, si kwa haja wala kwa chai. Tulikula mihogo ya kuchemsha tukiwa kwenye mwendo, yeye nyuma na mimi mbele, ambayo ukihesabu vibaya ni sahani moja.

Kwenye daraja la miti tulikuta foleni. Gogo limetoka, watu wanabishana nani aliweke. Nilishuka nikaomba, nikaeleza, hakuna aliyenisikiliza, kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake au samaki wake. Niliporudi garini nimekata tamaa, nilikuta mama mkwe amejifunika kitenge kichwa chote, amekaa wima, mikono mapajani.

"Kuku," akasema kutoka ndani ya kitenge, "hawa watu hawaone kama huku kuko bibi harusi?"

Nikabonyeza honi ile ya Jumamosi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakamfuata, gogo likawekwa na tukapitishwa mbele ya wote. Mzee mmoja aliinama kumtazama bibi harusi dirishani, akaona visigino, akaniangalia kwa huruma nyingi na kunitakia ndoa njema.

Tulifika Kalemie mchana. Nilikanyaga breki mbele ya maternite na gari likasimama palepale nilipotaka. Mama mkwe alikuwa ameshafungua mlango. Aliingia bila kuuliza njia. Mimi wakanizuia mlangoni, nikabaki nimeegemea ukuta, nikikumbuka kile kimya cha mwaka jana. Nilikuwa naogopa, sina namna nyingine ya kulisema.

Halafu nikamsikia Feza anacheka. Kati ya uchungu na uchungu, anacheka, anamwambia mama yake aache habari za kuku, atamuua kwa kicheko, na akisema hivyo anacheka tena. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu tumzike mtoto. Nilisimama pale nikilia kama mjinga, na walinzi wakajifanya wanatazama barabara.

Kilio kingine kilikuja baadaye, chembamba, cha hasira, cha mtu anayedai haki yake. Kilikazana, hakikunyamaza.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akatoka bila kitenge kichwani, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni. Ana macho ya Feza. Miaka yote ile sikuwa najua.

"Papa ya mutoto," akaniambia, "unasimama inje kufanya nini? Ingia, bibi yako anakungoja."